Udongo wa Njano wa Mama Mdogo

Wiki iliyopita fundi alikuja kwangu kupaka chokaa ukuta wa uani, akaifanya kazi yake kizamani: chokaa ya mawe kwenye pipa, maji juu yake, chumvi kidogo ili ishike, na pakiti mbili za bluu ya kufulia. Chokaa ikaanza kuchemka yenyewe. Harufu yake mnaijua, inakukwaruza koo kwanza ndipo unagundua kuwa ni harufu. Nikamwambia fundi afunike pipa. Akanishangaa. Akasema mama, chokaa ikichemka haifunikwi. Nikamwambia basi fanya unavyojua, nikaingia ndani nikakaa kitandani, mwanamke mzima wa miaka hamsini kasoro, moyo unanidunda eti kwa ajili ya chokaa.

Sasa nitawaambia sababu. Mkitaka kunichukia, ruksa, lakini nisikilizeni mpaka mwisho.

Nyumba niliyokulia ilikuwa ya babu yangu, mlimani juu ya Lushoto, mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu kutoka sokoni. Kwa pale kijijini ilikuwa nyumba kubwa: vyumba vinne, bati juu, kuta za miti na udongo zilizonenepa kwa kukandikwa mwaka hadi mwaka. Ndani kulikuwa na giza na moshi. Mama yangu mzazi alikuwa amebandika magazeti kutani kwa uji wa muhogo ili kuzuia baridi ya mwezi wa saba, na mimi nilijifunza kusoma nikiwa nimelala ubavu, pua ukutani, nasoma habari za mavuno ya pamba ya mikoa nisiyoijua. Alifariki kwa uzazi nikiwa na miaka minane, na mtoto naye hakupona. Tulimzika migombani nyuma ya nyumba, walikozikwa wote wa ukoo wetu.

Baba alikuwa mkulima wa kabichi na karoti. Zile enzi za ruksa zilipoingia na biashara kuachiwa huru, malori yakaanza kupanda mpaka kwetu kufuata mboga, na Baba akawa anashuka nayo Mombo. Huko ndiko alikompata Zaituni. Alikuwa Mzigua, binti wa miaka ishirini na kitu, mfanya usafi kwenye nyumba ya wageni ya shirika moja la umma. Shirika lilifilisika kama mashirika mengi ya wakati ule, na wafanyakazi badala ya kupewa mafao wakaambiwa kila mmoja achukue vitu vya ndani. Wenzake walichukua magodoro na masufuria. Zaituni alichukua vile ambavyo hakuna aliyevitaka.

Alipanda mlima na lori lililotoka kushusha kabichi. Nilikuwa nimesimama barazani na shangazi yangu Mwanaidi, dada mkubwa wa Baba, aliyekuwa akija kunilea tangu msiba. Tuliona kikishushwa kioo kirefu cha kusimama, chenye fremu ya mbao iliyonakshiwa na madoa meusi pembeni. Kikafuata kiti cha mkono ambacho springi zake zilikuwa zimetoka nje, saa ya ukutani isiyotembea, taa ya karabai isiyo na tangi, na kasha la sahani za bati zenye maua, nyingine zimebanduka rangi. Mwishoni ndipo akashuka mwanamke mwenyewe, mwembamba, anacheka, mkononi ameshika kopo dogo la rangi ya mafuta kwa uangalifu sana.

"Kaka yangu ameoa jalala," alisema Shangazi, na wala hakupunguza sauti.

Basi Zaituni akaanza. Jamani, yule mwanamke alikuwa na mikono! Katika miezi minne ile nyumba ya moshi iligeuka. Alitoboa dirisha la pili sebuleni, Baba akamchongea fremu. Milango akaipaka kijani ya lile kopo. Vyumba akavipaka chokaa iliyotiwa bluu, na ile harufu ikalala nasi siku tatu. Sebule akaipaka njano ya udongo, aliyoichuja kwa kitenge kikuukuu, akaikorogea uji wa muhogo na kuipaka kwa brashi ya mkonge aliyoiponda mwenyewe. Chini akazungushia mkanda wa udongo mwekundu kufika magotini. Saa isiyotembea akaitundika. Sahani za bati akazitoboa na kuzitundika ukutani kwa misumari, kumi na mbili, maua yakiwa yametazama watu.

Wanawake wa kijiji walikuja kutazama kwa visingizio vya chumvi na moto. "Zaituni, kwani kwenu kabati ni haramu?" mmoja alimuuliza, na wote wakaangua kicheko.

"Kabatini haya maua nani atayaona?" alijibu, naye akacheka pamoja nao.

Pazia la sebule lilikuwa shuka la mtumba kutoka gulio la Lushoto. Lilikuwa na picha za watu weupe wanene wasio na miguu, wenye pua za karoti. Hakuna aliyejua ni kina nani. Mimi, mtoto wa mkulima wa karoti, niliona ni matusi kwa baba yangu.

Nacheka sasa nikijua ni sanamu za theluji za Ulaya, lakini wakati ule sikucheka. Ili apake ile bluu chumbani kwangu, Zaituni aliyalowesha magazeti ya mama yangu kwa maji ya moto na kuyabandua. Nilitoka shule nikayakuta uani, rundo la uji wa kijivu. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Zaituni aliniambia kwa upole kwamba alimwomba Baba ruhusa na Baba akakubali. Baba alikuwa pale pale. Akasema magazeti yalikuwa na kunguni.

Tangu siku hiyo nilimfanyia ubaya wa kila aina ambao mtoto wa miaka kumi anaweza kuufikiria. Sikumpa shikamoo. Kwetu mtoto asiyetoa shikamoo ni kama aliyekutemea mate usoni, na mimi nilimnyima kila asubuhi, nikipita mbele yake nimenyoosha shingo. Nilipaka mkono masizi nikaupiga kwenye njano yake ambayo haijakauka. Nilitia mchanga kwenye uji wake. Shangazi alikuwa akija kila siku ya gulio, na nikimweleza niliyoyafanya hunivuta ubavuni kwake na kusema nimefanana na mama yangu. Niambieni, ni yatima gani asiyetaka kuambiwa hivyo?

Siku moja nilimkuta Zaituni amepanda juu ya kigoda, anapaka chumba changu kwa mara ya pili. Shangazi alikuwa amenifundisha maneno, nami nikayasema kama nilivyofundishwa.

"Wewe unapamba kuta kwa sababu huna mtoto wa kumpamba."

Mkono wake ulisimama. Kisha akaendelea kupaka. Nilimtazama mgongo kwa muda mrefu nikingoja alie, hakulia. Aliposhuka aliniuliza ningependa dirisha langu lizungushiwe rangi gani. Nikasema nyeusi. Nilidhani hapo ndipo nimempata. Akafikiri kweli kweli, kama mtu aliyepewa kazi, akasema nyeusi haiuzwi, lakini tunaweza kukorogea masizi. Jioni dirisha langu likawa na mstari mwembamba mweusi kwenye bluu, na wallahi lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Nililala nikilitazama. Nilimpenda usiku ule, na kwa kumpenda nikajiona nimemsaliti mama yangu, nikaamka nikimchukia maradufu.

Sasa Shangazi hakuwa na shida na rangi. Shida yake ilikuwa nyumba. Nyumba ilikuwa ya babu, yaani ya ukoo, naye alikuwa ameachika na anakaa kwenye kibanda ng'ambo ya bonde, akitumaini kurudi siku moja kwenye vyumba alimozaliwa. Kadiri kuta zilivyong'aa ndivyo alivyoona vinamponyoka. "Anaitia alama zake," alikuwa akiwaambia watu. "Leo anapaka rangi, kesho analeta ndugu zake kutoka huko tambarare." Zaituni alijua anasemwa. Alitaka kitu kimoja tu, abaki pale, na njia pekee aliyoijua ya kubaki mahali ilikuwa kupafanya pazuri.

Wiki moja kabla ya Ramadhani Zaituni alichukua jembe na ndoo akaenda migombani. Nilimfuata kwa kujificha. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la mama yangu. Lilikuwa limeota magugu mpaka kiunoni, maana Baba hakuwa akienda huko na Shangazi alikuwa akilia tu mbele za watu. Zaituni akapalilia. Aling'oa magugu yote, akayatia ndooni, akapanga upya mawe ya kichwani na miguuni. Kisha akasimama akanyoosha mikono, akasoma dua anazozijua, akajipangusa uso kwa viganja, akabeba ndoo yake akarudi nyumbani. Niliona yote kwa macho yangu haya.

Siku ya gulio Shangazi alikuja na maandazi kwenye mfuko wa karatasi. Akanikalisha nyuma ya jiko.

"Nasikia kuna mtu alionekana migombani na ndoo," alisema. "Hukumwona wewe?"

"Nilimwona. Alikuwa kaburini kwa mama."

"Eeh? Anachota nini?"

Angalieni swali lenyewe. Hakuuliza anafanya nini. Aliuliza anachota nini, na macho yake yalikuwa yamenikazia kwa tamaa ambayo sijaiona tena kwa mtu hata mwenye njaa. Kupitia mlango niliona ukuta wa sebule, ile njano, jua likiwa limeupiga. Hakuna mtu wa kwetu asiyejua udongo wa kaburi unatumiwa na watu wa aina gani, na kwa kazi gani. Hata mimi wa darasa la tatu nilijua.

"Udongo," nikasema. "Ndio aliopaka sebuleni."

Shangazi alifunga macho kidogo. Kisha akanipa mfuko mzima wa maandazi.

Ijumaa ile baada ya sala walikutana sebuleni. Alikuwepo kaka mkubwa wa Baba, niliyemwita Baba Mkubwa, Shangazi, na wazee wawili majirani. Hakuna aliyekubali kuegemea ukuta. Walikaa katikati ya chumba wakibanana, na sahani kumi na mbili zikiwatazama. Mimi niliitwa nikasimamishwa karibu na kile kioo, nikawa najiona mzima mzima, na sare yangu ya shule, na ushahidi wangu.

Nikasema. Nilisema vizuri, bila kigugumizi, na nikaongeza jembe kwa sababu jembe lilikuwepo kweli.

"Nilikwenda kung'oa magugu," Zaituni alisema. "Mwezi mtukufu unakuja na kaburi lilikuwa pori. Huu udongo wa ukutani umepakwa tangu miezi miwili iliyopita. Mimi migombani nimekwenda wiki hii."

Ilikuwa kweli, na yeyote mwenye akili angeweza kuhesabu. Baba Mkubwa akakohoa. Shangazi akasema mchawi haendi mara moja.

Hapo Zaituni akamgeukia Baba. Hakuwa analia. "Baba Hawa," akasema, "sema basi."

Baba alikuwa anatazama miguu yake. Mimi nilidhani yule mwanamke anaomba msamaha. Nilidhani "sema basi" maana yake ni "nionee huruma", na nikaona raha, Mungu anisamehe, nikaona raha tumboni.

Baba akainua uso. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Hawa," akaniuliza taratibu, "una hakika, mwanangu?"

"Ndiyo, Baba."

Zaituni akangoja. Baba akarudi kutazama miguu yake, na Zaituni akatikisa kichwa polepole. "Kama husemi, basi," akasema, akaenda chumbani kufunga nguo zake.

Talaka iliandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari langu la hesabu. Aliondoka na begi moja. Vitu vyake, walisema wazee, visiguswe, vina mambo, vitachomwa moto. Aliponifikia pale barazani alisimama. Sijui ni nini kilinipata, labda ni hofu, labda ni mazoea ya mdomo tu. Nilisema, "Shikamoo, Mama Mdogo." Ilikuwa mara ya kwanza.

Aliniangalia. Hakuitikia. Alishuka njia ya barabarani na sikumwona akigeuka nyuma.

Siku iliyofuata wanawake walikuja na mapanga na majembe kukwangua kuta. Nilikwangua nami, kwa bidii, mpaka viganja vikatoka malengelenge, na waliimba na nikaimba. Dirisha langu nililikwangua mwenyewe. Baada ya hapo wakakandika kwa mavi ya ng'ombe na majivu, na nyumba ikarudi kuwa giza. Vile vitu vyenye mambo havikuchomwa kama ilivyosemwa. Kioo, kile kiti na zile sahani vilionekana kwa Shangazi ng'ambo ya bonde kabla ya mfungo kuisha, na kabla ya Idi Shangazi mwenyewe alikuwa amehamia kwetu navyo. Siku ya Idi tulilia pilau kwenye sahani za Zaituni. Shangazi alikuwa ameziba matundu ya misumari kwa lami.

Nilikua na uongo wangu. Nilipopata akili niliogopa sana, nikawa najiambia kwamba nimemdanganya baba yangu, nimemfanya amwache mkewe bila kosa, na siku akijua itamuua. Nilisoma, nikapata kazi Tanga, nikaolewa, na kila mwezi nilimtumia Baba sukari na mafuta na blanketi, nyingi kuliko alizohitaji. Ndugu zangu wa upande wa Baba Mkubwa walinisifu kwa kumtunza mzazi. Nilikuwa nalipa, wao hawakujua.

Shangazi alikufa kwanza. Baba akabaki peke yake mle ndani, macho yamepungua. Mwaka wake wa mwisho nilipanda kumsalimia wakati wa mapichi kuiva, tukakaa barazani mchana, yeye na kisu chake anamenya. Nikamwambia nataka nimkarabatie nyumba, nipake rangi ndani ili apate mwanga. Nikajikaza, nikasema labda njano.

Uso wake ukachanua. "Njano nzuri iko njia ya Magamba," akasema, "pale walipokata mlima kupitisha barabara. Lakini uwe na watu wa kubeba, mzito ule. Tuliuchimba mimi na Zaituni. Nilibeba madebe mawili kwa mzega mpaka hapa, bega likavimba wiki nzima. Alivyonicheka yule mwanamke!" Akacheka naye, peke yake, huku anatafuta pichi lingine kwa vidole.

Nililiweka chini pichi lililokuwa mkononi mwangu.

"Baba," nikasema, "kumbe siku ile ulikuwa unajua."

"Siku gani?"

"Nilipodanganya."

"Aah, ile." Akapunga kisu hewani. "Nani hakujua? Hata kaka alijua. Ulikuwa mtoto, mwanangu, nani atamkasirikia mtoto?" Akamenya kidogo. "Mwanaidi alikuwa amekwisha kuniambia nikimbakiza ukoo unaninyang'anya shamba la bondeni. Nikawaza, mtoto akisema hana hakika, nitasimama, nitasema. Ndiyo maana nikakuuliza. Wewe ukasema ndiyo."

Akaninyooshea kipande. "Onja hili, ni tamu."

Nilikipokea nikala, kwa sababu ni baba yangu na nimelelewa hivyo. Alikufa kabla ya masika na nililia sana, sitawadanganya. Lakini hasira niliyonayo hadi leo haijapata pa kukaa. Miaka yote nilidhani nimewadanganya watu wazima watano. Sikumdanganya hata mmoja. Walikuwa na jambo lao tayari, wakakosa mdomo wa kulisemea, wakautumia wangu. Na baba yangu, mwenye bega lililovimba kwa udongo ule, alimwachia mtoto wa miaka kumi aamue kama yeye awe mwanamume au asiwe.

Hilo halinisafishi. Ningeweza kusema hapana. Nililijua neno hapana vizuri kuliko watoto wote wa kijiji kile.

Nasikia Zaituni yupo Mombo bado, aliolewa tena na ana wajukuu. Walionipa habari walinielekeza mpaka nyumba, si mbali na stendi. Kila nikipanda milimani kuzuru makaburi, basi kutoka Tanga linasimama pale dakika ishirini, abiria wanashuka kunyoosha miguu na kununua machungwa. Mimi sishuki.